SOMO: Mpiga Mbizi Ashuke Majini Mara Ngapi?



Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Katika somo la robo hii tunataka kuupima usemi huo kwa kazi moja inayowapatia riziki vijana wengi wa pwani yetu, nayo ni kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Huko Mafia, Pemba na Unguja wapo vijana wanaoongoza wageni kwenye matumbawe, na wengine huitwa panapotokea ajali ya chombo. Baadhi yao walisomeshwa kwa fedha za miradi kama yetu. Swali ni hili: baada ya kupata cheti, mtu ashuke majini mara ngapi ili ujuzi wake usimtoke?

Tulichojifunza wenyewe

Mwaka mmoja, baada ya masika, tuliwatembelea vijana waliosoma kupitia mradi wetu. Mwezi wa Aprili na Mei wageni hupungua na vituo vingi vya kupigia mbizi hupunguza kazi au hufungwa kabisa. Kwa vijana wale hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani walikuwa hawajashuka kwa miezi saba.

Mwalimu aliwapeleka kwenye maji ya mita mbili, akamwagiza kila mmoja avue miwani, aivae tena, kisha ayatoe maji yaliyoingia kwa kupuliza pumzi puani. Mmoja wao, aliyekuwa wa kwanza darasani, alivuta maji puani, akatema kipumulio na kukurupuka juu akikohoa. Kama ingekuwa mita 18, huenda tungerudi na msiba.

Tuliporudi ofisini tulifungua bajeti ya mradi. Kulikuwa na fungu la ada, la vitabu, la vyeti na la sherehe ya kufunga mafunzo. Fungu la mazoezi halikuwepo. Kosa lilikuwa letu, si la kijana.

Kwa nini ujuzi huu hupotea

Wahenga walisema kweli kwa upande mmoja. Aliyejua kuogelea au kuendesha baiskeli hasahau upesi, maana mwili wenyewe hukumbuka. Lakini jambo linalofanywa kwa mpangilio wa hatua, tena mara chache, hutoka haraka kichwani. Hatua za dharura za mpiga mbizi ni za namna hii: kutoa maji kwenye miwani, kukitafuta kipumulio kilichotoka mdomoni, kupokea hewa ya mwenzako, na kuvua mkanda wa uzito.

Nayo maji hayampi mtu nafasi ya kukumbuka. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na kwenye mita 20 ni mara tatu. Kwa hiyo mtungi ambao ungetosha dakika 60 karibu na uso wa maji hutosha kama dakika 30 kwenye mita 10, na kama dakika 20 tu kwenye mita 20. Mwenye hofu hupumua haraka na kuumaliza mapema zaidi. Akikimbilia juu huku amezuia pumzi, hewa iliyomo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua, hata kama ametoka mita chache tu. Ndiyo maana hufundishwa kupanda polepole, mita 9 kwa dakika, huku akiendelea kupumua, na kusimama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Mwaka 2008 watafiti wa shirika la Divers Alert Network la Marekani walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya wapiga mbizi wa burudani. Kati ya vile ambavyo chanzo chake kilitambulika, asilimia 41 vilianza na kuishiwa hewa. Kusoma geji na kuomba hewa kwa mwenzako ni masomo ya siku za mwanzo kabisa za kozi.

Mara ngapi basi?

Hakuna idadi moja inayokubaliwa duniani kote. Vyeti vingi vya burudani, vikiwemo vya PADI, haviishi muda wake. Hata hivyo, vituo vingi huomba kuona daftari la mbizi, na aliyekaa miezi sita au mwaka bila kushuka hutakiwa kwanza kufanya marudio. Kutokana na hayo, pamoja na uzoefu wetu, tunashauri yafuatayo:

1. Anayeanza, ambaye hajafikisha mbizi 20, ashuke walau mara moja kila mwezi. Asipitishe miezi mitatu.

2. Mzoefu asipitishe miezi sita. Akipitisha, mbizi ya kwanza iwe kwenye maji mafupi na tulivu. Akipitisha mwaka, arudi kwa mwalimu.

3. Kiongozi wa wageni hushuka karibu kila siku wakati wa msimu, hivyo hudhaniwa hana haja ya mazoezi. Lakini anaweza kushuka mara 100 bila hata mara moja kuvua miwani au kugawana hewa. Atengewe siku moja kila mwezi kwa hatua za dharura peke yake.

4. Mwokoaji afanye mazoezi kila mwezi pamoja na wenzake, yakiwemo ya huduma ya kwanza. Ustadi wa kukandamiza kifua hufifia ndani ya miezi michache.

Kuhusu waokoaji tukumbuke kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyekuwa amejisitiri penye hewa ndani ya kivuko. Siku kama ile haitoi taarifa wala muda wa kurudia masomo.

Kamati zifanye nini

Kila andiko la mradi wa mafunzo liwe na fungu la mazoezi kwa miezi 12 baada ya cheti: kujaza mitungi, mafuta ya boti na posho ya mwalimu. Marudio yafanyike kabla msimu haujaanza, kwenye maji ya mita 3 hadi 5. Kila kijana awe na daftari lake, na kamati ilikague kila robo. Na katika ripoti kwa wafadhili tusihesabu vyeti peke yake, bali tuseme ni wangapi walioshuka majini katika robo hiyo.

Kijana wetu yule alirudia zoezi la miwani mara nne asubuhi ile ile. Mara ya nne alilimaliza akiwa amepiga magoti chini mchangani, bila kukurupuka. Gharama yake ilikuwa mtungi mmoja wa hewa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mradi wetu, ni ujuzi gani tuliofundisha ambao haujatumika tangu siku ya kupokea vyeti?
2. Nani kati yetu ana jukumu la kukagua daftari za mazoezi?
3. Fedha zikipungua, je, ni afadhali kusomesha vijana wachache na kuwafanyisha mazoezi, au wengi na kuwaachia vyeti?