Chukudu moja ina vipande vingapi? Somo la kuhesabu vifaa kabla ya kupanga bei



Chukudu hakuna asiyeijua kwetu. Inashusha viazi na kabichi kutoka Kibumba, inabeba maharagi, makala, mbao, na siku za kukimbia vita inabeba magodoro na watoto juu yake. Tangu miaka ya 1970 iko kwenye barabara zetu, na hapa Goma mwenye kuisukuma alijengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini muulize fundi: "Hii moja imekula franga ngapi mpaka kuisha?" Atakuna kichwa, kisha atakutajia bei ya kuuzia. Bei ya kuuzia ni jambo lingine kabisa.

Koperative iliyochoka kukodi chukudu kila mavuno inaweza kuwaza kufungua atelie yake: mafundi wawili, banda moja, mbao za mikaratusi ambayo wanachama wenyewe wanapanda. Ni wazo zuri. Linaweza pia kumaliza kasa yenu taratibu bila mtu yeyote kuiba. Basi leo tujifunze kitu ambacho watu wa viwanda wanakifanya kabla ya kupiga msumari wa kwanza: orodha ya vifaa. Ni karatasi inayosema, kwa kitu kimoja tu kilichoisha, ni vipande gani vinaingia, vingapi, na kila kimoja ni bei gani.

Tufanye pamoja. Bei tunazotumia ni za mfano, munaweza kuweka zenu.

Anzeni na gurudumu, maana gurudumu lenyewe ni kitu kilichoundwa. Lina ubao wa duara, tuseme dola 3. Lina rulema mbili, kila moja dola 2. Lina kipande cha kipira cha tairi ya zamani kinachozungushwa nje, dola 1. Misumari ya kukishika, dola 1. Jumla dola 9. Chukudu iko na magurudumu mawili, kwa hiyo dola 18.

Sasa mwili wake. Mti mkubwa wa kubebea mzigo, dola 14. Usukani na uma wa mbele, dola 5. Buloni sita za senti 50, dola 3. Resori, dola 3. Misumari, dola 1. Kipira cha kufungia mwendo nyuma, senti 50. Na ile ndara ya zamani inayopigiliwa mahali pa kuweka goti, senti 50. (Hii ndara kila mtu anaisahau. Uliza aliyeshuka na mzigo bila ndara, akuonyeshe goti.) Jumla dola 27.

Weka pamoja: 18 na 27 ni 45. Fundi analipwa dola 15 kwa chukudu moja. Tumefika 60. Sokoni inauzwa 65. Koperative inasema: tunapata dola 5 kila chukudu, tutengeneze kumi tupate 50.

Hapo ndipo shida inaanza, maana orodha yetu bado inadanganya. Rulema tunazonunua ni za kutoka kwenye mashini zilizokufa. Ukinunua tano, moja haizunguki. Ili kupata nne nzima unalipa tano: ongeza dola 2. Mti mkubwa, kwa kila chukudu kumi mmoja unapasuka ukichongwa, hasa ukiwa haukukauka vizuri. Dola 14 za mti huo zinagawanywa kwa chukudu kumi: ongeza dola 1 na senti 40 kila moja. Na mbao hazikufika atelie zenyewe, mtu alizisafirisha: ongeza dola 2. Yote ni dola 5 na senti 40. Sasa chukudu moja imekula dola 65 na senti 40, nasi tunaiuza 65. Katika zile kumi, mahali pa kupata dola 50 tumepoteza dola 4, na mafundi walifanya kazi vizuri kabisa, na wateja walilipa wote.

Kwa hiyo kwenye orodha wekeni safu ya kuharibika. Wengi wanaona aibu kuiandika, kama vile ni kumlaumu fundi. Siyo kumlaumu. Mti unapasuka.

Sasa tuingie kwenye kompyuta. Programu za kazi hii zipo, lakini musikimbilie kununua. Ekseli inatosha mwanzoni, au LibreOffice ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti. Fungueni ukurasa wa kwanza, muandike bei tu: rulema, buloni, kipira, mti. Ukurasa wa pili ni wa orodha: kipande, idadi, kuharibika, na bei inayochukuliwa kutoka ukurasa wa kwanza. Musiandike bei mara mbili. Ukiandika bei ya rulema mahali pawili, siku moja utabadilisha pamoja na kusahau pengine.

Faida yake mutaiona siku bei inapobadilika, na kwetu inabadilika. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilikata barabara ya kwenda Rutshuru. Barabara ikifungwa, kwa volkano au kwa vita, kinachopitia hapo kinapanda bei. Tuseme rulema imetoka dola 2 ikafika 2 na nusu. Unabadilisha namba moja, na hapo hapo unaona kila chukudu imepanda dola 2 na senti 50, kwa sababu munanunua rulema tano. Unajua kabla ya kumpa mteja bei, si baada.

Jambo dogo linalosumbua watu: kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa. Humo nusu inaandikwa kwa koma, siyo kwa nukta. Ukiweka nukta, kompyuta inaweza kuichukua kama neno, isiihesabu, na jumla itatoka pungufu bila kukuambia chochote.

Orodha hiyo hiyo inasaidia depo. Tuseme ndani muna rulema nzima 30, miti 9, vipira vya magurudumu 25, resori 5, na vingine vyote vipo vya kutosha. Mutatengeneza chukudu ngapi? Rulema zinatosha 7, miti 9, vipira 12, resori 5. Jibu ni 5. Aliyetumwa sokoni anunue miti mingine, maana inaonekana michache kwa macho, amefunga franga za koperative bure. Angenunua resori 2 tu, mungefika 7.

Mukifika mahali pa kutengeneza vitu vya namna nyingi, chukudu kubwa na ndogo, mizinga, majiko ya makala, na watu watatu wanatoa vifaa depo, hapo ekseli inaanza kuchanganya. Kuna ERPNext, na kuna Odoo katika toleo lake la bure. Zote mbili zinashika orodha ndani ya orodha, kama gurudumu ndani ya chukudu, na zinapunguza vifaa vya depo kila kazi inapoisha. Kwenye Odoo ya Kifaransa mutafute neno "nomenclature", ndiyo orodha yetu. Lakini zinaomba umeme, mtu wa kuziweka, na nidhamu ya kuingiza kila msumari unaotoka. Koperative ambayo kaye yake ya depo haijajazwa tangu mwezi uliopita, programu haitaijazia.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: tafuteni chukudu iliyochoka, muifungue kipande kwa kipande mbele ya fundi, katibu akiandika. Pimeni mbao kwa metre na hesabuni misumari mmoja mmoja. Kisha fundi aseme, bila kuogopa, ni rulema ngapi alitupa mwezi huu.