KOMPYUTA MPYA INAPOZIMIKA OVYO

Leo tujifunze jambo linalohusu hesabu zetu. Baadhi ya vyama vya ushirika na vikundi vya akiba hapa kwetu Mbeya na Iringa huandika mapato ya mpunga, chai na viazi katika kompyuta. Mashine ni mpya, imenunuliwa kwa michango ya wanachama. Mara inaganda. Mara kioo kinageuka buluu, halafu inajizima na kujiwasha. Wanachama wananung'unika: "Tumeuziwa mbovu!" Wengine wanamtazama karani kwa jicho baya. Je, tufanye nini?

Tusione haya kuuliza. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wengi wetu tumekutana na mashine hizi ukubwani.

KUMBUKUMBU NI NINI?

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Diski ni kama kabati: kilichowekwa humo hubaki hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ni kama meza ya karani: kazi ya sasa hivi hukaa hapo, na umeme ukikatika, yote yaliyo mezani hupotea. Mafundi huiita ramu. Ni kibao chembamba kilichochomekwa ndani ya sanduku la mashine.

Kibao kikilegea au kikiwa kibovu, mashine husoma kitu ambacho hakikuandikwa. Hapo huganda au kuzimika. Hata tarakimu zinaweza kuharibika kimyakimya. Basi, tusimwite karani mwizi kabla ya kupima mashine.

Kwa nini mashine mpya iharibike? Kompyuta iliyonunuliwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Mtikisiko wa gari unaweza kulegeza kibao. Tena kibao kinaweza kutoka kiwandani na kasoro.

TUFUATE HATUA HIZI

1. Okoa hesabu kwanza. Nakili kazi kwenye flashi, na daftari la mkono liendelee.

2. Andika kila tukio: saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, kioo kilisema nini. Kama taa za nyumba nazo zilififia, huenda shida ni umeme, si kumbukumbu.

3. Tazama waranti. Kama bado ipo, usifungue sanduku. Rudisha mashine dukani pamoja na risiti.

4. Kama mashine inatumia Windows, tafuta neno mdsched, uchague kuwasha upya. Mashine itajipima yenyewe. Ikikuta kosa, itasema. Isipokuta, usiamini bado, endelea.

5. Kama waranti haipo, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Vua sweta la sufu, maana miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Agosti, sufu huleta cheche ndogo ziwezazo kuua kibao. Gusa chuma cha sanduku kabla ya kushika chochote ndani.

6. Toa vibao, kisha virudishe taratibu mpaka vishikwe vizuri. Mara nyingine dawa ni hiyo tu.

7. Ikiendelea kuzimika, weka kibao kimoja tu, ufanye kazi. Kisha weka cha pili peke yake, katika tundu lile lile. Kinacholeta shida ndicho kibovu. Vyote viwili vikileta shida, jaribu tundu jingine.

8. Ukinunua kibao kingine, chukua cha aina ile ile. DDR4 haiingii mahali pa DDR5.

Jambo kubwa ni hili: badili kitu kimoja kwa mara moja. Mkulima akitia mbolea na dawa siku moja, mahindi yakipona hajui kilichoyaponya. Fundi asiyepima akikwambia nunua mashine nyingine, mwambie apime kwanza. Pesa ni za wanachama.

MASWALI YA KUJADILI

1. Diski na kumbukumbu zinatofautianaje?
2. Kwa nini tunapima kibao kimoja kimoja?
3. Katika kikundi chenu, mashine ikifa leo, hesabu zitapatikana wapi?