BIMA YA AFYA: SOMA KWANZA, NDIPO UTIE SAHIHI



Maradhi hayapigi hodi. Humjia mkulima wa mwani wa Paje, mvuvi wa Nungwi na mwuza duka wa Darajani. Yakija, hayangoji msimu wa karafuu wala siku ya mshahara.

Katika somo hili tutajifunza bima ya afya ni nini, na namna ya kuchagua bima inayokufaa wewe na watu wako.

1. Bima ni nini?

Wewe unaujua upatu. Katika upatu kila mtu hutoa, na kila mtu hupokea kwa zamu yake. Bima si hivyo. Katika bima watu wengi hutoa, lakini anayepokea ni yule aliyepatwa na maradhi. Usipougua, fedha zako hazirudi. Zimemtibu mwenzako. Ukiugua wewe, fedha za wenzako zitakutibu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu ya bure katika hospitali zake. Hata hivyo mgonjwa ana gharama nyingine. Kuna nauli kutoka shamba mpaka mjini. Pengine dawa hununuliwa dukani. Pengine kipimo hufanywa katika hospitali ya binafsi. Ndiyo sababu watu wengi sasa wanauliza habari za bima.

2. Bima ziko za namna nyingi

(a) Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Ulianza na watumishi wa umma. Baadaye ulifikia wafanyakazi wa sekta binafsi.

(b) Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1999, na kazi ilianza mwaka 2001. Mpango wake kwa watumishi wa umma uliwekwa hivi: mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 3. Wanaotibiwa ni mwanachama, mwenzi wake mmoja na wategemezi wasiozidi wanne.

(c) Mfuko wa Afya ya Jamii. Huu ni wa Tanzania Bara. Ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, na sheria yake ilipitishwa mwaka 2001. Ulikusudiwa wakulima na watu wasio na mshahara. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka.

(d) Bima za kampuni. Hizi huuzwa kwa bei mbalimbali. Mwenye kulipa zaidi hupata huduma zaidi.

(e) Bima ya wageni. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayekuja Zanzibar kutembea hutakiwa kuwa na bima, kwa dola 44 za Marekani. Hiyo ni ya mgeni. Haimtibu mwenyeji.

Unaona, basi, kwamba neno ni moja, bima, lakini kila bima ina watu wake na masharti yake.

3. Fomu iliyoletwa darasani

Katika darasa letu moja la Kusini Unguja, mwanafunzi mmoja alikuja na fomu ya bima. Mumewe anafanya kazi katika hoteli. Mwajiri alimpa fomu na kumwambia airudishe kesho yake.

Fomu ilikuwa na nafasi sita. Nyumbani walikuwa watu saba: mume, mke, watoto wanne na mama mzee wa mume. Mume alikwisha amua kuandika watoto wote. Mama mzee hakupata nafasi. Naye ndiye mwenye maradhi ya sukari, anayekwenda kliniki kila mwezi.

Yule mwanafunzi aliigeuza fomu. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo. Akayasoma polepole, neno kwa neno. Yalisema kuwa mtoto aliyepita umri uliowekwa hawezi kuwa mtegemezi. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na miaka 23, naye alikwisha pita umri huo.

Akamwambia mumewe, "Baba watoto, soma hapa. Huyu tukimwandika atakataliwa, na nafasi itapotea bure. Mama tunaweza kumwandika."

Mume akasoma, akafuta jina moja, akaandika jina la mama yake.

Lakini jambo moja hawakuliuliza: kadi inaanza kazi lini? Wiki iliyofuata mama mzee alizidiwa. Kadi ilikuwa bado. Walilipa kila kitu kwa fedha zao, wakakopa na kwa jirani. Mwezi wa pili ndipo kadi ilipoanza kazi.

Tujifunze kwa lile walilolisoma, na kwa lile walilolisahau.

4. Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kutia sahihi au dole gumba, uliza:

Kwanza, nani watatibiwa? Kama una wake wawili, uliza kama wote wameingia. Uliza kuhusu wazazi na umri wa watoto.

Pili, huduma gani zinalipiwa? Uliza kuhusu kujifungua, upasuaji, meno, miwani, na dawa za kila siku za sukari na presha.

Tatu, nitatibiwa wapi? Bima nzuri isiyopokelewa karibu nawe itakuletea shida. Mtu wa Makunduchi aulize kuhusu hospitali ya Makunduchi. Mtu wa Kivunge aulize kuhusu ya Kivunge. Kisha uliza namna ya kupata barua ya kupelekwa Mnazi Mmoja au Bara.

Nne, kadi inaanza lini na inakwisha lini?

Tano, nitalipa nini zaidi ya mchango? Bima nyingine humtaka mgonjwa aongeze fedha kila anapotibiwa.

Waliokuwa na jibu wakujibu kwa maandishi. Maneno ya mdomo husahaulika. Kama hukuelewa, mwombe mwalimu wako au mtu unayemwamini asome pamoja nawe. Anayekuharakisha utie sahihi bila kusoma, mwambie angoje.

5. Tufanye hesabu

Tuseme mfanyakazi anapata shilingi 400,000 kwa mwezi, na anakatwa asilimia 3.

Kwa mwezi: shilingi 12,000.
Kwa mwaka: 12,000 × 12 = shilingi 144,000.

Sasa andika fedha ulizotumia mwaka jana kwa dawa, vipimo na nauli. Linganisha. Kumbuka pia kuwa ugonjwa mmoja mkubwa waweza kula fedha za miaka mingi.

6. Maneno ya kukumbuka

Mchango: fedha anazotoa mwanachama.
Mtegemezi: mtu anayetibiwa kwa kadi ya mwanachama.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi.

7. Mazoezi

1. Upatu na bima vinatofautianaje?
2. Kwa nini mama mzee alikaribia kukosa nafasi?
3. Andika majina ya watu wa nyumbani kwako na umri wao. Nani ana maradhi ya kudumu? Fomu ingekuwa na nafasi sita, ungeandika nani?
4. Zungumzeni darasani: je, watu wa shehia yenu wana bima gani?

Akiba haiozi. Lakini ijue kwanza mahali unapoiweka.