KALAMU YA WINO INAPOKATAA KUANDIKA

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho na Bahati, si ajabu kukuta kalamu ya wino ya zamani imehifadhiwa kabatini pamoja na vyeti na picha za arusi. Mingi ya mitaa hiyo ilijengwa katika miaka ya 1940 na 1950, na miongoni mwa wapangaji wake walikuwamo makarani, walimu, na watumishi wa reli na wa halmashauri ya jiji. Kwa karani, kalamu ilikuwa chombo cha kazi kama nyundo ilivyo kwa seremala. Leo biro zauzwa katika kila kioski, lakini wako bado watu wapendao kuandika barua, kutia sahihi na kuweka vitabu vya hesabu kwa kalamu iliyoachwa na baba au babu.

Kalamu ya namna hiyo inapotoa wino kwa kukatakata, hasara yake si karatasi kuchafuka tu. Tuseme mweka hazina wa chama cha akiba aandika kwamba mwanachama ametoa shilingi 800. Upande wa kushoto wa tarakimu 8 haukupata wino, na baada ya miezi michache yule mwanachama asomewa shilingi 300. Mweka hazina akirudia kuandika juu ya tarakimu ile kwa wino mpya, shaka huzidi, kwa maana tarakimu iliyoandikwa mara mbili hufanana na tarakimu iliyogeuzwa kwa hila. Hivyo mtu mwaminifu aweza kudhaniwa mwizi kwa sababu ya uchafu usiozidi punje ya mchanga. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kalamu ajue kwa nini wino hukwama, na namna ya kuufungulia njia.

Namna wino unavyoshuka

Watu wengi hudhani ya kuwa wino hushuka kwa uzito wake tu, kama maji ya bomba. Sivyo. Atazamaye koroboi ataona mafuta ya taa yakipanda utambini pasipo kusukumwa na mtu, kwa sababu kitu cha majimaji huvutwa na nafasi nyembamba. Ndivyo ilivyo katika kalamu. Ncha ya chuma ina ufa mwembamba, na chini ya ncha kuna kipande cheusi chenye mifereji midogo. Mifereji hiyo na ufa ule huvuta wino mpaka ufike karatasini.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni hewa. Atoboaye kopo la mafuta tundu moja tu huona mafuta yakitoka kwa shida, lakini akitoboa tundu la pili, hewa huingia nayo mafuta hutiririka. Kalamu nayo, kila inapotoa wino, yahitaji hewa iingie mahali pa wino uliotoka. Mwaka 1884, huko New York, Lewis Waterman alisajili uvumbuzi wa kipande chenye mifereji iliyoruhusu wino kushuka na hewa kupanda kwa kiasi. Kalamu za wino za siku hizi zafuata kanuni hiyo hiyo. Basi kalamu inapokataa kuandika, kwa kawaida haikufa. Ama njia ya wino imezibwa, ama njia ya hewa.

Sababu za kuziba

Sababu ya kwanza ni kukauka. Wino wa kalamu kwa sehemu kubwa ni maji yenye rangi. Kalamu ikiachwa wazi, maji huondoka na rangi hubaki ikiwa gumu katika mifereji. Jambo hili hutokea upesi zaidi katika miezi ya Januari na Februari, wakati Nairobi ina jua na ukavu. Hata kalamu iliyofunikwa hukauka ikiwa kifuniko chake kina ufa, au ikiwa imelala miezi mingi bila kutumiwa.

Sababu ya pili ni vumbi na nyuzi za karatasi. Karatasi hafifu hutoa nyuzi ndogo ambazo hunaswa katika ufa wa ncha. Dalili yake ni mstari kuwa mnene ghafula, kisha kukatika.

Sababu ya tatu ni mafuta. Mkono uliotoka kushika chapati ukipita juu ya ukurasa huacha mafuta, na wino haushiki mahali hapo. Mwandishi huilaumu kalamu, kumbe kosa ni la karatasi. Njia ya kujua ni rahisi: ajaribu kuandika juu ya ukurasa mwingine ulio safi.

Sababu ya nne ni wino usiofaa. Wino wa muhuri, wino wa wachora ramani, na wino wa mashine za kuchapishia kompyuta haukutengenezwa kwa kalamu hizi. Wino wa wachora ramani una kitu kama gundi ndani yake, nao ukishakauka katika mifereji ni vigumu mno kuutoa. Hali kadhalika haifai kuchanganya wino wa namna mbili, hata ikiwa rangi zao zafanana, kwa maana zaweza kupambana na kufanya mashapo.

Namna ya kusafisha

Kabla ya kuifungua kalamu, mwenye kalamu na aichovye ncha yake katika maji safi kwa dakika moja, aifute, kisha ajaribu kuandika. Mara nyingi hilo latosha, ikiwa ukavu ulikuwa wa siku chache.

Isipotosha, amwage wino wote uliobaki. Kisha atie maji baridi katika bilauri, anyonye maji hayo kwa kalamu kama anyonyavyo wino, na kuyatoa. Afanye hivyo tena na tena, akibadilisha maji, mpaka yatoke meupe pasipo rangi. Kazi hii yaweza kuchukua mara 10 au 20, na asiyekuwa na subira asiianze. Ikiwa kalamu ni ya kubadilishiwa kichupa cha plastiki, aondoe kichupa na kuipitishia sehemu ya mbele maji ya bomba yanayotoka polepole.

Rangi ikiwa ngumu, asimamishe kalamu katika bilauri yenye maji kidogo, ncha peke yake ikiwa imezama, aiache usiku kucha. Asubuhi ataona mawingu ya rangi katika maji. Hiyo ndiyo ishara ya kuwa dawa imeingia. Tone moja la sabuni ya maji katika bilauri husaidia kuondoa mafuta, lakini hapana budi kuisuuza kalamu vizuri baadaye.

Maji yenyewe yatazamwe. Maji ya visima virefu yanayouzwa kwa mitungi katika sehemu nyingi za Nairobi yana chumvi na madini, nayo yakikauka huacha chokaa. Kwa kusuuza mara ya mwisho, maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa safi yafaa zaidi. Kisha kalamu ifungwe kwa kitambaa laini, isimamishwe ncha chini, iachwe kwa siku moja ikauke kabla ya kutiwa wino mpya.

Ikiwa baada ya hayo yote kalamu hainyonyi maji kabisa, huenda kimfuko cha mpira kilichomo ndani kimeoza kwa uzee. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, wala si sababu ya kuitupa kalamu.

Mambo ya kuepuka

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kukandamiza. Wino usipotoka, mkono hutaka kusukuma. Lakini nguvu hiyo hupanua ufa wa ncha, na ufa ukipanuka kupita kiasi wino hauvutwi tena. Kalamu iliyokuwa imeziba tu ikawa imevunjika.

Wembe usipitishwe katika ufa wa ncha, kwa maana hukwaruza chuma. Maji ya moto yasitumiwe, kwa kuwa huweza kupinda mpira mgumu na plastiki za zamani. Spiriti na petroli vikae mbali pia, kwa sababu vyaweza kuharibu mwili wa kalamu. Wala kalamu isikung'utwe kwa nguvu ndani ya nyumba, ila kwa mtu asiyejali ukuta wake na shati la jirani.

Kuitunza isizibe tena

Kalamu itumiwe mara kwa mara, hata kama ni kwa mistari michache tu kwa siku. Isipohitajiwa kwa wiki kadhaa, imwagwe wino, isafishwe, na kuwekwa ikiwa kavu. Kifuniko kirudishwe mara tu mwandishi anaponyamaza kufikiri. Chupa ya wino ifungwe vizuri na kuwekwa mahali pa giza, na ikionekana ukungu ndani yake itupwe, kwa maana ukungu huo utahamia katika kalamu.

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi na akumbuke hewa. Jiji la Nairobi liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Hewa iliyofungiwa katika kalamu huko pwani hupanuka kwa takribani moja ya tano afikapo Nairobi, nayo husukuma wino nje mpaka ndani ya kifuniko, ambako hukauka na kuziba. Kalamu isafiri ikiwa imejaa kabisa au ikiwa tupu, na ncha ielekee juu.

Mwisho, mweka hazina wa chama na awe na karatasi ya majaribio kando ya daftari. Kabla ya kuandika tarakimu yo yote, aandike 8 mara tatu katika karatasi hiyo; zikitoka kamili, ndipo aguse daftari. Na ikitokea tarakimu imekatika, asiandike juu yake, bali aikate kwa mstari mmoja, aandike nyingine pembeni, na yeye pamoja na mwanachama watie sahihi papo hapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye kalamu ni kinyume chake: ufa wake ukizibwa na uchafu, ukuta hujengwa kati yake na wenzake.