Nyumba za Mbali na Kodi Iliyokwisha Kupokewa

Wako ndugu zetu wa pwani waliopanda bara kwa biashara, wakajenga Iringa na Mbeya, kisha uzee ukawarudisha Tanga au Unguja. Nyumba zimebaki huko, na watu wamo ndani. Suala ni hili: mwenye nyumba tatu au nne, naye ataka kuziuza moja moja, aziangalieje hali yu mbali?

Fahamu, ndugu msomaji, kwamba kupangisha ni kuuza manufaa ya nyumba kwa muda maalumu. Mara nyingi mpangaji hutakiwa kodi ya miezi sita, au ya mwaka mzima, kabla hajaingia. Ukishaipokea, makazi ya miezi ile si yako tena. Mnunuzi akija mwezi wa tatu, huna haki ya kumwambia mpangaji atoke. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafii, kuuza nyumba iliyopangishwa ni sahihi, wala ijara haivunjiki. Mnunuzi hungoja muda uishe. Na kama alinunua bila kujua, ana hiari ya kuirudisha. Basi mwambie kabla hajatoa fedha. Nami naona bora kuanza na nyumba ambayo muda wake unakaribia kwisha, na mpangaji aulizwe kwanza. Huenda akainunua yeye.

Wengi huanza na ile mbovu kwa kuwa imewachosha. Si vibaya, maadamu aibu zake zimetajwa.

Matengenezo ni juu ya mwenye nyumba; asipotengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja ijara. Umbali si udhuru. Iringa ni kiasi cha kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, na Mbeya yapita 800, na mvua za huko huanza Novemba au Disemba zikaendelea hata Aprili. Bati litazamwe Oktoba. Kwa hiyo huna budi kuwa na wakili, na ujira wake ujulikane tangu mwanzo. Wakili ni amini: halipi kilichoharibika ila kwa uzembe wake. Lakini hana ruhusa ya kujiuzia nyumba yako, hata kwa bei nzuri. Kodi na ije kwako moja kwa moja kwa simu, yeye abaki na funguo na mafundi. Nawe andika kila shilingi katika daftari, kwani ujumbe wa simu hufutika. Na Aya ya 282 ya Suratul-Baqara yaamuru kuandika deni la muda.

Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi ni ya umma, na unachouza ni haki ya kuikalia. Kiwanja chenye hati, uhamisho wake uandikishwe kwa Msajili wa Hati ungali hai, usiwaachie warithi karatasi ya mkono.

Imebaki zaka. Nyumba ya kupangisha haina zaka katika thamani yake. Zaka imo katika fedha zinazofika nisabu na kutimiza mwaka. Aliyeuza mbili katika nne, na aandike tarehe aliyopokea bei, kwani mwaka wa fedha hizo wahesabiwa tangu siku hiyo.