Je, Muumini Anaweza Kumiliki Bunduki?

Maandiko ya kusoma: Kutoka 22:2-3, Luka 14:28, Luka 22:49-51, Warumi 13:1-5

Tangu maduka ya baadhi ya washirika wetu yavunjwe, nimeulizwa mara tatu: "Pasta, nikitafuta bunduki ya kujilinda, nitakuwa nimemkosea Mungu?" Mmoja aliongeza kwamba kuna mtu anaweza kumpatia haraka, bila maswali mengi. Nitajibu kwa Neno, kwa sheria, halafu niseme msimamo wangu.

1. Neno linasema nini

Katika Kutoka 22, mwizi akipigwa usiku akivunja nyumba, naye akafa, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limechomoza, ana hatia. Kwa hivyo Mungu hamlaumu mtu anayelinda jamii yake gizani. Lakini hata damu ya mwizi ina thamani mbele zake. Kama unamwona vizuri na unaweza kuita watu, huna ruhusa ya kumuua kwa sababu ya mali. Kule bustanini upanga ulitumika, na Yesu akaukomesha, akamponya yule aliyekatwa sikio.

2. Sheria inasema nini

Hapa Kenya bunduki si haki ya kila raia. Ni ruhusa unayoomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Lazima uwe na sababu nzuri. Mlevi hapewi, wala asiye na akili timamu. Leseni hufanywa upya kila mwaka, na Desemba 2018 serikali iliagiza raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Wengine waliona ni usumbufu. Mimi naona ni sawa. Katika biashara tunakagua vitabu kila mwaka, si eti kila mhasibu ni mwizi, bali kwa sababu mmoja akiiba wote tunaumia.

Sasa ile ya njia ya mkato. Kabla ikufikie, imepita mikono ya nani? Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki haramu 5,250 kule Ngong. Soko la bunduki kama hizo huendeshwa na wanunuzi. Ukitoa pesa yako huko, unamlipa yule yule atakayemuuzia jambazi wa kesho. Hiyo ni dhambi, na ni jela. Hapo sina maneno mawili.

3. Msimamo wangu

Mimi sitaomba leseni. Yesu alisema tuhesabu gharama, nami nimehesabu. Bei ya bastola ndiyo gharama ndogo. Nikiiweka karibu na kitanda, mtoto ataipata. Nikiifungia vizuri kwa kabati ya chuma, mwizi atafika kabla sijaifungua. Na gizani sitajua kama anayesukuma mlango ni mwizi au ni mdogo wangu anayetoka kesha. Pesa hiyo naona afadhali iende kwa mlango imara, taa ya nje, na mlinzi tunayemlipa pamoja na majirani.

Lakini simhukumu ndugu mwenye leseni, wala washirika wetu walio polisi. Ninawaomba tu jambo moja. Siku moyo ukiwa mzito, au kukiwa na ugomvi nyumbani, silaha isilale hapo. Ipeleke kituo cha polisi, kisha uje tuzungumze na kuomba. Hakuna atakayekudharau.

Na kama unayo isiyo na leseni, usiitupe wala usiiuze. Njoo kwanza bila hiyo. Tutatafuta wakili, twende pamoja tuone jinsi ya kuisalimisha.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Kutoka 22 inatofautisha usiku na mchana?
2. Mtaa wetu unaweza kufanya nini pamoja ili duka la mshirika lisivunjwe tena?
3. Nani kati yetu ameumizwa na wezi na bado hajatembelewa?

Tuombe: Bwana, linda nyumba zetu, na uilinde mikono yetu isimwage damu. Amina.