Alama ya D si mwisho wa elimu

*Bwana Mshauri, mwanangu amepata D katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Sasa yuko nasi akitengeneza nyavu na babake, wala hataki kusikia habari za masomo. Je, mlango umefungwa? – Mama, Longech*

Mama mheshimiwa, hofu yako naifahamu, kwani wengi hudhani kwamba aliyekosa C+ ya kuingilia chuo kikuu amekosa elimu yote. Ilhali stashahada huhitaji C-, cheti cha ufundi huhitaji D, yaani alama ile ile aliyo nayo, na mafunzo ya ngazi ya chini humpokea hata mwenye E.

Akiwa ametimiza miaka 18, achukue kitambulisho. Kisha aombe nafasi kwa KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi vyuoni, na akipokewa aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, maana wanafunzi wa ufundi nao hukopeshwa. Kakuma kuna chuo cha ufundi cha Don Bosco, kifundishacho uchomeleaji na ufundi wa magari; na fundi ajuaye injini, huko kwenu pwani ya ziwa hakosi riziki.

Muulize kwa upole kazi aipendayo. Akijitenga, akikosa usingizi au hamu ya chakula, huenda ameelemewa na huzuni; mpeleke hospitali ya Lodwar bila kukawia. Tafadhali msimwache akate tamaa kwa sababu ya herufi moja.